Karakana ya nyumbani: cheni bloku, winchi ya umeme au kreni ya kupampu? Mzigo ni kerezo la kilo 800

#1 FundiWaItezi

Wakuu, habari za jioni. Wa Iringa na Njombe kamwene, wa Rungwe mugonile.

Naomba mawazo ya watu ambao wameshika vyuma kwa mikono yao. Nina karakana nyuma ya nyumba hapa Itezi, Mbeya, chumba kimoja cha mita 5 kwa 6, tofali za kuchoma, kenchi za mbao za inchi 2 kwa 4, bati juu, chini jamvi la zege. Nachomelea, natengeneza mashine za kukoboa na kusaga, na mara mojamoja nashusha gia boksi za Canter na Fuso. Mpaka leo kila kizito tunakibeba kwa mabega, naita vijana wa kijiweni tunahesabu moja, mbili, tatu. Sasa nimenunua kerezo (mashine ya kukerezea vyuma) la mtumba Makambako. Kibati chake kinasema kilo 800. Hapo mabega yameishia.

Nimezunguka SIDO na Mwanjelwa nikaona vitu vitatu: cheni bloku ya tani moja (ile ya kuning'iniza, unavuta mnyororo kwa mkono mzigo unapanda), winchi ndogo ya umeme iliyoandikwa 250/500, na ile kreni ya kupampu ya kutolea injini, ya tani 2, yenye miguu mirefu na matairi madogo. Mfuko unaruhusu kimoja tu. Nikichukua cheni bloku nilitaka kuifunga kwenye kenchi.

Kingine: kiwanja kiko kwenye mteremko. Gari inafika barabarani juu, karakana iko chini kama mita 15 hivi. Masika hii njia ni tope tupu.

Nipeni njia.

#2 Kijiwe_Nongwa

Ngoja waje wataalamu. Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Volti240

Mkuu chukua winchi ya umeme, tuko karne ya 21. Unabonyeza kitufe, mzigo unapanda, unakunywa chai. Ninayo hapa Nzovwe, nanyanyulia mageti na mitambo ya pampu kila siku, haijawahi kunisumbua. Cheni bloku utavuta mpaka mikono iote sugu.

#4 GerejiSoweto

Kreni ya kupampu ndiyo jibu. Haihitaji kuning'inizwa popote, inajitegemea yenyewe, ukimaliza unaikunja unaiweka pembeni. Halafu kasema anashusha gia boksi, kwa kazi hiyo haina mpinzani.

#5 MzeeWaReli

Kijana wa Itezi, nimestaafu kazi ya karakana za reli, vyuma vizito nimekula navyo chumvi. Wenzako wameanza kukujibu ununue nini kabla hawajauliza hilo kerezo unalinyanyua ulipeleke wapi.

Kerezo likishakaa chini, linakaa miaka. Hulinyanyui tena. Unahitaji kulishusha kwenye gari, kuliteremsha mita 15, kulipitisha mlangoni na kuliweka sawa kwa pima maji. Katika hizo nne, iliyo ya kunyanyua hasa ni ya kwanza tu, na hata hiyo inakwepeka. Zilizobaki ni za kusukuma na kuinua kidole kimoja kimoja. Kwa kazi hiyo unatafuta mitaimbo miwili, jeki mbili za chupa, mabomba ya chuma ya kuzungushia matano au sita ya unene unaolingana, na mbao ngumu nyingi za kupachika chini. Unapandisha upande mmoja kwa jeki sentimita tano, unaweka mbao. Unahamia upande wa pili, sentimita tano, mbao. Jeki ikitoa mafuta au ikiteleza, mzigo unaangukia mbao iliyo karibu, hauangukii mguu wa mtu. Kamwe mzigo usikae juu ya jeki peke yake huku watu wanachungulia chini.

Kushusha kwenye gari: wewe uko Itezi, milima imekuzunguka. Tafuta ukingo wa ardhi ulio sawa na kitanda cha Canter. Gari irudi nyuma mpaka iguse ukingo, uweke mbao pana za kuunganisha, kerezo litoke kwa kuviringishwa juu ya mabomba. Huku nyanda za juu tunalalamikia miteremko, kumbe siku ya kushusha mzigo ni mali.

Na kenchi sahau.

#6 FundiWaItezi

Shikamoo mzee. Ukingo wa namna hiyo upo kwa jirani, nitamwomba. Ila hapo kwenye kenchi nifafanulie, maana mafundi wengi hapa mjini wanafunga cheni bloku juu ya mbao na maisha yanaenda.

#7 MzeeWaReli

Marahaba. Wenye hesabu waje, mimi nimeona ya macho tu: kenchi imepigiwa misumari ibebe bati na upepo, mzigo umeenea. Ukiweka kilo 800 mahali pamoja umeifanyisha kazi isiyo yake.

#8 Injinia_Ipogolo

Hesabu hii hapa, ni fupi.

Chukua mbao ya 2 kwa 6, imesimama kwa upana wake, urefu mita 3 kati ya kuta, kilo 500 katikati. Mkazo kwenye mbao unakuwa takribani niutoni 20 kwa kila milimita ya mraba. Mbao ya paina ya kujengea hukubaliwa chini ya nusu ya hapo, na hiyo ni mbao iliyonyooka, isiyo na vifundo vikubwa, iliyokauka. Mbao ya 2 kwa 4 kwa mzigo uleule mkazo unazidi mara mbili ya huo. Hapo ni kilo 500, bado hatujafika 800, na bado hatujahesabu mzigo ukidunda mnyororo unapojiachia. Sababu wengine hawajaanguka ni kwamba wananyanyua gia boksi, siyo kerezo, na mbao huwa ina akiba kabla ya kuvunjika. Ikivunjika haipigi hodi.

Ukuta wa tofali za kuchoma nao una lake. Ukilaza boriti juu ya ukuta, uzito wote unakaa kwenye tofali mbili tatu. Kama juu hakuna mkanda wa zege, tofali zinasagika. Na kama ulijengewa kwa udongo badala ya saruji, hata usijaribu.

Jibu langu: boriti ya ai ya chuma (yenye umbo la herufi I), urefu wa wima milimita 140, nafasi ya mita 3, tani moja katikati. Mkazo unabaki chini ya 100 kwa kipimo kilekile, wakati chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kukunjika kuanzia 235. Itapinda kama milimita 5, hiyo ni sawa. Iweke juu ya miguu miwili ya umbo la A kutoka sakafuni. Karakana yako haiguswi.

#9 Kijiwe_Nongwa

Kipimo cha ufupi cha injinia na changu ni tofauti.

#10 GerejiSoweto

Injinia unamtuma mtu kutengeneza daraja zima kwa ajili ya kerezo moja. Kreni ya tani 2 inasimama hapohapo.

#11 Injinia_Ipogolo

Mkuu wa Soweto, hiyo tani 2 iko wapi kwenye mkono wake? Kreni nyingi za aina hiyo mkono una matundu manne. Ukiuacha mfupi kabisa ni tani 2. Ukiuvuta tundu la pili ni moja na nusu, la tatu ni tani moja, la mwisho nusu tani. Sasa kerezo lina msingi mpana, haliingii vizuri katikati ya miguu ya kreni, kwa hiyo utalazimika kuuvuta mkono ili ufike katikati ya uzito. Ukifika huko umebaki na nusu tani na mkononi una kilo 800. Jeki yake inaweza ikapandisha tu, maana haijui kitu. Kinachotangulia ni matairi ya nyuma kuachana na sakafu.

#12 GerejiSoweto

Hapo kwenye matundu umenena, mimi siku zote naitumia fupi kwa sababu injini inaingia katikati ya miguu. Nakubali kwa kerezo ni shida. Ila kwa gia boksi na injini sibadilishi msimamo. Na ongeza hili: matairi yake ni madogo, yanataka sakafu laini. Kwenye udongo au zege lenye mashimo inagoma, ukisukuma kwa nguvu mzigo unayumba. Msogezo wote ufanyike mzigo ukiwa chini kabisa, karibu ya kugusa sakafu.

#13 MamaPaina_Mafinga

Habari zenu wanangu. Mimi nina msumeno wa mbao hapa Mafinga, naongea kama mtu wa magogo.

Kule msituni Sao Hill zamani, kabla mashine za kupakia hazijazagaa, vijana walipandisha gogo kwenye lori kwa kamba. Wanaegemeza miti miwili toka chini mpaka kitandani, kamba inafungwa juu ya gari, inapita chini ya gogo na kurudi juu, wanavuta. Gogo linajiviringisha lenyewe na nguvu inayohitajika inapungua nusu. Nasema hivi kwa sababu fundi kaweka vitu vitatu mezani na vyote ni vya dukani. Kamba, mti na mteremko navyo ni vifaa.

Kuteremsha hizo mita 15 usitegemee watu kushikilia. Tope likiwepo ndiyo kabisa. Nunua au azima ile cheni bloku ndogo ya mkono, ya kupampu huku na huku, tani moja na nusu. Ile kubwa ya kuning'iniza imetengenezwa kunyanyua wima. Hii ya mkono inavuta upande wowote. Unaifunga kwenye mti mkubwa juu, kerezo liko juu ya mbao mbili ndefu kama reli, unaliachia jino moja moja. Ukichoka, unasimama, nalo linasimama. Mti uwe mzima, mnyororo au mkanda ufungwe chini karibu na mizizi, na mtu yeyote asikae upande wa bondeni. Hapa kwetu kuna kijana aliyesimama upande wa bondeni wa gogo, leo anatembelea gongo.

#14 FundiWaItezi

Mama nashukuru sana. Mparachichi upo juu pale barabarani, mnene.

#15 MamaPaina_Mafinga

Mparachichi mbao yake ni laini, matawi yake hupasuka ovyo. Shina likiwa nene na lina afya, ukifunga chini kabisa, halina neno. Mkaratusi ungekuwa bora.

#16 Volti240

Naona winchi ya umeme imeachwa solemba. Hii ya kwangu imeandikwa 500, mbona inatosha?

#17 MzeeWaReli

Soma tena kibati. 250/500 maana yake kamba moja ikishuka moja kwa moja ni kilo 250. Ili upate 500 ni lazima ufunge ile ndoano yenye kapi, kamba irudi juu, na hapo mwendo unapungua nusu na urefu wa kunyanyua nusu. Kwa vyovyote 800 haimo.

#18 Injinia_Ipogolo

Na angalia kwenye kibati hichohicho, wengi huandika S3 na asilimia, mara nyingi 20. Yaani katika kila dakika kumi, injini ifanye kazi dakika mbili, nane ipumzike. Mashine hizi ndogo hazikutengenezwa kunyanyua mfululizo. Anayenyanyua mageti mawili kwa siku atakaa nayo miaka. Anayepakia mifuko asubuhi hadi jioni ataunguza koili.

Umeme ukikatika, breki yake hushika kwa springi, mzigo hauanguki. Lakini unabaki unaning'inia mpaka TANESCO warudi, kwa sababu nyingi ya hizi ndogo hazina njia ya kushusha kwa mkono.

#19 Volti240

Hilo la kuning'inia lilishanikuta, nilidhani ni bovu. Sawa wakuu. Lakini kwa mageti bado nipo na winchi yangu.

#20 Mnyaki_Tukuyu

Swali la pembeni: hii cheni bloku inashikaje mzigo mtu akiachia mnyororo? Mbona hairudi?

#21 MzeeWaReli

Swali zuri, na wengi wanaoitumia hawajui. Ndani kuna sahani za msuguano na gurudumu la meno lenye ulimi. Mzigo wenyewe unapotaka kushuka, unabana sahani zile kwa njia ya uzi wa skrubu. Uzito ukizidi, unabana zaidi. Ukivuta mnyororo upande wa kushusha, unalegeza kidogo, mzigo unashuka kidogo, unajibana tena. Ndiyo maana unaweza kuachia ukaenda kula.

Sasa sikilizeni: usimwagie oili kule. Fundi anaona cheni bloku inapiga kelele, anachukua oili chafu ya gari anaimwagia yote. Sahani zikilowa zinateleza. Paka mafuta kwenye mnyororo wa kubebea, kidogo, na huku kwetu kwa mvua hizi ni lazima maana kutu inauma haraka. Kwenye breki hapana. Ukisikia tik-tik-tik wakati wa kupandisha, huo ni ulimi unaruka meno, ni sauti nzuri. Ukipandisha na kukawa kimya, shusha mzigo.

#22 Mnyaki_Tukuyu

Ndaga fijo mzee. Sasa hapa nimeelewa.

#23 Volti240

Na hiyo ya kuvuta mpaka sugu siyo kweli?

#24 Injinia_Ipogolo

Nguvu ni ndogo, safari ni ndefu. Cheni bloku ya tani moja inataka uvute kama kilo 30 hivi kwa mkono. Hesabu ya kawaida: kilo 1000 kupanda mita moja kwa nguvu ya kilo 30, lazima mnyororo upite mikononi zaidi ya mita 30, na msuguano unaongeza. Kwa kerezo utalinyanyua sentimita 20, hiyo ni dakika chache. Mtu mmoja anatosha. Ukiona wawili wanavuta mnyororo mmoja, ujue ama mzigo umezidi au ndani kumekwama, na hapo ndipo vitu hukatika.

#25 Skrepa_Mbalizi

Mimi nipo kwenye chuma chakavu, boriti za ai huwa zinapatikana. Angalia isiwe imekunjwa ikanyooshwa kwa moto, na isiwe na matundu katikati ya ubavu wa chini. Cheni bloku za mtumba pia zipo ila angalieni mnyororo wa kubebea una alama ya 8 au 80 kwenye pete zake. Kuna watu wanatoa mnyororo halisi wanaweka wa geti. Unafanana kwa macho. Angalia pia mdomo wa ndoano, kama umeanza kufunguka au kile kijiulimi cha kuziba mdomo hakipo, wachana nayo hata akikupa bure.

#26 FundiWaItezi

Wakuu nimesoma yote. Swali: nitalifunga na nini? Nina mkanda wa kufungia mizigo kwenye gari, ule wa kukaza kwa ratcheti.

#27 MzeeWaReli

Huo ni wa kufungia, siyo wa kunyanyulia. Uache kwenye gari.

#28 Injinia_Ipogolo

Chukua mikanda ya poliesta ya kunyanyulia. Rangi zake zina maana: zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3. Nunua kijani mbili, usiende chini ya hapo, na iwe na kilebo kilichoshonwa. Isiyo na kilebo ni kitambaa tu.

Halafu pembe. Mikanda miwili ikipanda kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa sakafu, kila mmoja unabeba kama kilo 460 za kerezo lako. Kwa nyuzi 45 ni karibu 570. Ukiilaza mpaka nyuzi 30 kwa sababu boriti iko chini, kila mmoja unabeba 800 nzima. Mzigo haujaongezeka, umeongeza mvutano mwenyewe. Kwa hiyo mikanda mirefu, ndoano iwe juu.

Wewe ni mchomeleaji: cheche za welding ni adui wa mikanda hiyo. Itundike chumba kingine.

#29 MzeeWaReli

Kerezo lina kichwa kizito upande wa injini na spindo (mhimili unaozunguka). Ukilifunga katikati kwa macho, litainamia kichwani. Sogeza lile gari la kisu na kile kichwa cha nyuma mpaka mwisho wa mkia, ukaze, ndipo utafute katikati ya uzito. Mkanda usipite juu ya skrubu ndefu ya mbele wala fimbo zake. Zikipinda umenunua chuma chakavu, ukamuuzie yule wa Mbalizi. Weka vipande vya mbao pale mkanda unapogusa kona. Nyanyua sentimita mbili, subiri, zunguka uangalie. Likiinama, shusha, funga upya.

#30 Skrepa_Mbalizi

Nitampa bei nzuri mzee, usijali 😂

#31 Mwanasheria_Njombe

Nipitie tu: akianza kuajiri vijana wawili watatu hapo nyumbani, hiyo siyo banda tena, ni mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu, na OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi) wanaweza kutaka kuona vifaa vya kunyanyulia vimekaguliwa. Tunza risiti na kile cheti kinachokuja na cheni bloku.

#32 FundiWaItezi

Basi nimeamua hivi. Kerezo linashushwa kwa njia ya mzee na mama: ukingo wa jirani, mbao, mabomba, cheni bloku ya mkono kwenye mti. Ya mkono naazima. Pesa yangu inakwenda kwenye cheni bloku ya tani moja na boriti, miguu ya A nachomelea mwenyewe na kuifunga matairi ili niisogeze karakana nzima, gia boksi nazo zitanyanyukia hapo. Kreni ya kupampu siku nyingine. Injinia, matairi ya kilo 300 kila moja manne, jumla 1200. Yanatosha?

#33 Injinia_Ipogolo

Hayatoshi. Umegawanya kwa nne kana kwamba mzigo utakaa katikati daima. Ukiusogeza mwisho wa boriti, karibu uzito wote unakwenda mguu mmoja wa A, yaani matairi mawili. Tani moja na uzito wa fremu juu yake, gawanya kwa mbili, ongeza kwa sababu sakafu haiko sawa. Nenda kilo 750 kila moja, au weka miguu ya skrubu ya kukanyaga sakafu wakati wa kunyanyua, matairi yabaki ya kuhamisha fremu ikiwa tupu. Mimi ningefanya la pili, ni rahisi zaidi.

Chini ya kila A uweke bomba la kuunganisha nyayo zake zisitanuke. Na kona za juu, pale boriti inapokaa, weka mikono ya mshazari pande zote mbili, vinginevyo fremu itayumba kwa urefu wake. Bolti, siyo weldi peke yake, ili uweze kuifungua.

#34 GerejiSoweto

Akimaliza hiyo fremu nitakuja kuiazima, naweka wazi mapema.

#35 FundiWaItezi

Karibu mkuu, mradi uje na gia boksi yako. Injinia, miguu ya skrubu nimeichukua hiyo. Kerezo linapanda Canter Makambako Jumatano, Alhamisi asubuhi tunashusha kabla mvua ya mchana haijaanza. Mwenye cheni bloku ya mkono kati ya Uyole na Mafiati, au mabomba ya inchi mbili ya kuzungushia, anicheki inbox. Nitaweka picha.

#36 Kijiwe_Nongwa

Mabomba ninayo manne Uyole. Nakuja nayo, karanga nazo nakuja nazo.